Kijana wa Kinanda, na Uongo Niliouhubiri Kuhusu Bangi



Tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. Mliomwona kijana wetu amerudi kuketi kwenye kinanda mmeniandikia, wengine kwa furaha, wengine kwa maswali makali. Mmoja ameuliza waziwazi: "Pasta, huyu si ndiye alishikwa na bangi? Siku hizi madhabahu ni ya kila mtu?" Mama mwingine, ninayemheshimu sana, amesema kijana asipoondolewa pale mbele yeye atatafuta kanisa lingine, na makanisa hapa Kathonzweni hayakosi.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Nimeongea na kijana, nimeongea na mamake, na wote wawili wameniruhusu niandike. Jina lake silitaji. Sisi wa hapa tunamjua, na nyinyi mnaosoma mkiwa Nairobi, Mombasa, Qatar na Saudia mtaelewa bila jina.

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu hadithi hii haianzi na kijana. Inaanza na mimi.

Desemba 2017 tulikuwa na kesha la vijana. Kanisa lilijaa mpaka wengine wakaketi kwenye mawe nje. Nilipewa somo la dawa za kulevya, na nilikuwa na moto. Nilisema mtu akivuta bangi mara moja tu, akili yake imekwisha. Nilisema moshi ule unaua. Nikasimulia habari ya mwanamume aliyevuta jioni moja, na asubuhi akakutwa juu ya mwembe akiwa uchi, akiongea na maembe. Nikasema nilimwona kwa macho yangu.

Sikumwona. Niliisikia hadithi hiyo kwa mhubiri mmoja kule Machakos, na yeye sijui aliipata wapi. Lakini vijana walipiga kelele, wengine wakaja mbele wakilia, na nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa upako.

Kijana wetu alikuwa na miaka 15, ameketi mstari wa pili. Miezi michache baadaye, shule zimefungwa, rafiki yake alimpa msokoto wakiwa wanachunga mbuzi karibu na mto. Juzi aliniambia ilivyokuwa, na namwandika kama alivyosema: "Pasta, nilikaa nikingoja niwe wazimu. Sikuwa. Nilicheka, mdomo ukakauka, nikasikia njaa, nikala isyo ya watu wawili, nikalala. Asubuhi nikasema, kumbe Pasta alitudanganya. Basi hata yale mengine ni uongo."

Hata yale mengine. Neno hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu katika yale mengine ndimo ulimokuwa ukweli.

Ukweli ni huu, na ningeusema usiku ule pengine angenisikiliza. Wengi wanaovuta mara ya kwanza hawapati wazimu. Ndani ya mmea ule mna kemikali nyingi, na ile inayoleta stimu inaitwa THC. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, kule Israeli, ndio walioitenga na kuieleza mwaka 1964. Ikifika kwenye ubongo inafanya moyo uende mbio, macho yawe mekundu, dakika moja ionekane kama kumi, na jambo la sasa hivi lisahaulike. Baada ya saa chache inapita. Hapo ndipo kijana anasema, "Ni mmea tu."

Lakini ubongo wa mtu haumalizi kujengwa mpaka anapokaribia miaka 25. Anayeanza akiwa na 15 na akavuta kila siku anaweka moshi ndani ya nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa. Kule Uswidi watafiti walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini, kwa miaka 15, na mwaka 1987 wakatoa matokeo: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa wa skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Skizofrenia ni ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuona watu wote wanakupanga vibaya. Sikilizeni vizuri, sitaki kurudia dhambi ya mwembe: hata kati ya hao waliovuta sana, wengi hawakuugua. Na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani bangi yenyewe huleta ugonjwa na ni kiasi gani inamwamsha uliyekuwa umelala ndani. Ila hakuna kijana anayeweza kujua mapema kama yeye yuko kwenye kundi gani. Na nyumba ambayo tayari ina mjomba au shangazi aliyeugua akili, hatari ni kubwa zaidi.

Kijana wetu ana mjomba kama huyo. Mama yake alijua. Mimi nilijua. Hatukuwahi kumwambia, kwa aibu.

Alipomaliza kidato cha nne akaanza kuendesha boda boda pale steji. Akawa anavuta asubuhi, mchana na usiku, na katikati anatafuna muguka. (Na nyinyi wazee wa kanisa mnaotafuna muguka nyuma ya duka halafu mnaniletea ripoti za vijana, nawajua. Tutaongea siku nyingine.) Wakati wa kampeni za 2022, Profesa Wajackoyah alipoahidi kwamba bangi italipa madeni ya nchi, kijana alibandika picha yake kwenye pikipiki. Tulicheka. Profesa alipata kura karibu elfu 62 nchi nzima, siasa zikaisha, watu wakasahau. Lakini vijana wengi walibaki na wazo kwamba sheria imelegea au iko karibu kulegea.

Mapema mwaka 2023 mamake alikuja kwangu jioni. Alisema, "Pasta, kijana halali. Anasema kwaya inamwimbia matusi kupitia spika. Anasema umeme wa kanisa una sauti." Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshajua la kusema. Nikasema ni pepo. Nikampaka kijana mafuta, nikamwekea mikono, nikatangaza siku 21 za kufunga. Zilipoisha bila badiliko nikatangaza nyingine. Mama aliponiuliza, kwa woga, kama ampeleke hospitali Wote, nilimjibu hivi, nakumbuka kila neno: "Mwaitu, usichanganye imani na vidonge. Acha kwanza Mungu amalize."

Miezi saba, wapendwa. Kwa miezi saba yule mama alilala nje ya mlango wa mwanawe ili asitoroke usiku.

Mnajua ilivyoisha. Usiku mmoja alikimbia mpaka barabara ya Wote kwenda Makindu na kusimama katikati akiyapigia kelele malori. Wenzake wa boda boda ndio waliomwokoa, wale wale ambao mimi huwahubiria kama waliopotea. Polisi walipofika wakamkuta na misokoto miwili mfukoni.

Hapo nikaanza kujifunza sheria, kwa kuchelewa. Nchi yetu imekataza bangi tangu 1914, wakati wa mkoloni, na sheria tuliyo nayo leo ni ya mwaka 1994. Ilisema aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe anaweza kufungwa miaka kumi. Mwaka 2022 Bunge lilibadilisha: sasa ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Anayepanda, hata kama ameficha miche michache katikati ya mbaazi, anaweza kutozwa 250,000 au zaidi, au kufungwa hadi miaka 20, au yote mawili. Kwa hiyo aliyekuambia Kenya imeruhusu bangi amekudanganya. Imepunguza adhabu ya mvutaji. Haijaruhusu. Na sijui ni mama gani hapa kwetu, mvua ikikataa na ndengu zikikauka, anayeweza kutoa 100,000 bila kuuza kipande cha shamba.

Kortini Wote hakimu alimtazama kijana, akamsikiliza akijibu watu ambao hawakuwepo, na kabla ya neno lingine akaagiza apimwe na daktari.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma na Biblia mapajani. Hakimu ambaye hajui hata jina la kanisa letu alifanya kwa dakika tano nililokataa kufanya kwa miezi saba.

Hospitalini nesi aliuliza, "Amekuwa hivi kwa muda gani?" Mama hakujibu. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinitazama kama mtu anayengoja mchungaji wake aseme. Nikasema, "Miezi saba." Nesi akaandika. Baadaye daktari alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa wa namna hii ukitibiwa mapema mtu hurudi kwa urahisi zaidi, na kila mwezi unaopita unaongeza safari. Hakujua anaongea na nani. Au alijua.

Mahakama ilimpa kijana kifungo cha nje, chini ya afisa wa probesheni, na masharti ya kuendelea na matibabu. Anameza dawa zake kila usiku. Mwanzoni zilimfanya alale sana na kunenepa, akataka kuziacha, wakabadilisha. Bado tunamwombea. Sijaacha kuomba, wala siamini kwamba mapepo ni hadithi. Lakini naomba nikiwa nimemsindikiza kliniki, na siku nyingine naombea ndani ya matatu.

Sasa kuna jambo la pili, na hili nalo lilinijia bila kuitwa.

Mwaka jana shemasi wetu mmoja mzee, mama ambaye wengi wenu aliwafundisha shule ya Jumapili, alikuwa anatibiwa saratani. Dawa zile za kuchoma uvimbe zilimfanya atapike mpaka akabaki mifupa. Nilienda kumtembelea, akawatoa wajukuu nje, akanishika mkono. "Pasta, mwanangu, nina dhambi ya kuungama." Binti yake alikuwa amepata majani ya bangi, sitasema wapi, akamchemshia kwenye chai. Alikunywa mara mbili. Alisema mara ya kwanza alikula uji na ukakaa tumboni. Mara ya pili aliona ukuta unapumua, akaogopa usiku kucha. Swali lake lilikuwa moja: "Nikifa wiki hii, Bwana atanipokea?"

Zamani ningejua la kusema kabla hajamaliza. Safari hii nilinyamaza.

Nilienda kusoma. Kumbe neno lenyewe bangi lilikuja kwetu kutoka Bara Hindi, kwa njia ya bahari na biashara, na kule lilikuwa jina la dawa tangu zamani za kale. Mwaka 1839 daktari mmoja wa Kiayalandi huko Calcutta, William O'Shaughnessy, aliandika jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa pepopunda na kwa mtoto mchanga mwenye degedege. Baada ya hapo madaktari wa Ulaya na Marekani waliiuza kwenye chupa madukani kwa miaka mingi. Marekani iliiondoa kwenye kitabu chake rasmi cha dawa mwaka 1942. Kisha ikarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu kidonge cha THC iliyotengenezwa maabara, kwa watu wanaotapika kwa sababu ya dawa za saratani. Yaani shida ile ile ya mama yetu. Na mwaka 2018 ikaruhusu dawa ya maji iliyotolewa kwenye mmea huo, ya kemikali nyingine iitwayo CBD ambayo hailevyi, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kigumu.

Hapa Kenya, marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alileta pendekezo bungeni mwaka 2018 la kuacha kuwafunga wavutaji na kufungua njia ya tiba na utafiti. Nilimhubiri vibaya siku hizo, nikimwita jina ambalo silirudii. Mwaka uliofuata, Julai 26, alikufa kwa saratani ya utumbo. Pendekezo lake halikuwa sheria. Sisemi alikuwa sahihi katika yote. Nasema tu kwamba nilimdhihaki mtu bila kusoma alichoandika, na alikuwa akijua maumivu ambayo mimi siyajui.

Nilimrudia shemasi. Nikamwambia, mama, Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hakumwambia afungue baa. Nikamwambia Mungu hamkatai mtoto wake kwa sababu ya vikombe viwili vya chai alivyopewa akiwa kitandani. Lakini nikamwambia pia, twende tukamwambie daktari. Aliogopa sana. Alidhani atashikwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba chai ya nyumbani haina kipimo, leo ni nyepesi kesho ni kali, na inaweza kugongana na dawa nyingine. Ndiyo sababu ukuta ulipumua. Akambadilishia dawa ya kutapika. Ile ya pili ilimsaidia. Miezi hiyo ya mwisho alikula, alipata dawa ya maumivu, na tulimzika mwezi wa nne akiwa na amani. Binti yake bado anaketi nyuma kanisani kana kwamba ana hatia. Dada, ukisoma hapa, sogea mbele.

Kuna vijana wamenitumia andiko la Mwanzo 1:29, kwamba Mungu aliwapa wanadamu kila mmea wenye mbegu. Ni kweli liko. Basi na mimi niwatume 2 Wafalme 4, kuanzia mstari wa 38. Wakati wa njaa kule Gilgali, mmoja wa wanafunzi wa manabii alienda porini akachuma matango ya mwitu, akayakatakata kwenye sufuria kwa sababu hakuyajua. Mmea wa Mungu, wenye mbegu, na sufuria ikawa na mauti ndani yake. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi, na kila mara nilikazia sumu. Wiki hii nimeona kitu kingine. Elisha hakuuliza nani alichuma. Hakumfukuza kwenye shule ya manabii. Hakusimulia hadithi ya mwembe. Aliomba unga, akaushughulikia mchuzi, watu wakala.

Kwa hiyo kijana akiniuliza leo kama avute, namwambia usivute, na namwambia kwa nini: kwa sababu ya miaka yako, kwa sababu ya mjomba wako, kwa sababu ya ile sheria ya 1994, kwa sababu mwili wako ni wa Bwana na unahitaji akili timamu umtumikie. Akiniambia alishavuta na hakuwa wazimu, namwambia najua, keti tuongee. Kulingana na NACADA, mwaka 2022 Wakenya zaidi ya 518,000 walikuwa wanatumia bangi, karibu mara mbili ya miaka mitano nyuma. Hao si watu wa Nairobi peke yao. Wengine wanaketi mstari wa pili. Mzazi unayeona mtoto hali, halali, anacheka peke yake au anaogopa redio, usingoje siku 21. Mpeleke hospitali kesho asubuhi na unipigie simu, nitakuja tuombe tukiwa kwenye foleni. NACADA wana namba ya bure, 1192. Unaweza kupiga bila kutaja jina lako.

Sasa kwa wewe uliyeuliza kuhusu madhabahu. Ulisema kijana alianguka, na ni kweli. Lakini kama tunawaondoa pale mbele walioleta madhara kwa kinywa au kwa mkono, mimi ningetangulia kutoka, kwa sababu yeye alijidhuru mwenyewe, na mimi nilimchelewesha mtoto wa mwenzangu miezi saba huku nikiitwa mtumishi. Wazee wa kanisa nimewaeleza haya yote Jumatatu. Wameniomba nisihubiri wiki mbili, nimekubali. Mama mchungaji atachukua Jumapili hii, na mzee wetu wa Mavindini inayofuata.

Mama yake kijana nilimwomba msamaha nyumbani kwake, mbele ya watoto wake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaenda jikoni akaniletea chai. Tukanywa. Alisema, "Pasta, siku nyingine ukiwa hujui, sema hujui." Nikasema ndiyo, mwaitu.

Mazoezi ya kwaya ni Jumamosi saa tisa. Kijana atakuwa kwenye kinanda. Ameomba tumtafutie waya mrefu wa umeme kwa sababu ule wa zamani umeungua, mwenye nao aulete. Na ile spika ya kushoto, aliyokuwa akisikia sauti ndani yake, ameomba ihamishwe ikae upande wa akina mama. Tutaihamisha.

Mimi nitakuwa pale kuanzia saa nane, kwa yeyote anayetaka kuongea.

Amina.